Papa Prezida wa Nchi Zisizoimba

Jina lake sijawahi kulitamka, na hapa sitaanza. Tulipokuwa darasa la tano tulimwita Mwalimu. Baadaye Nyabiondo nzima, kijiji chetu cha milimani, ikamwita Papa Prezida, na wengi walitamka cheo hicho huku wakibana kicheko. Hakuwa rais wa chama cha siasa wala wa ushirika wa wakulima. Alikuwa rais wa klabu ya wapenzi wa shindano la nyimbo, lile la kila mwaka ambapo nchi za Ulaya hutuma waimbaji wao kwenye televisheni, wakaimba mmoja baada ya mwingine, kisha nchi zikapeana pointi. Sisi hatumo. Lakini wapenzi wa shindano hilo wana vilabu kila pembe ya dunia, vilabu hivyo vimeungana, na muungano umewatengea mlango watu wa nchi zisizoimba. Papa Prezida aliingia kwa mlango huo, nami nikaingia nyuma yake nimeshika simu, kwa sababu nilikuwa sekreteri.

Niseme mapema kwamba naandika haya kwa aibu. Anayetafuta habari za mzee wa kuchekesha atazipata, maana alichekesha kweli, ila asinisahau mimi niliyekuwa kando yake nikicheka.

Alianzia wapi kulipenda shindano lile, sijui. Wengine walisema aliliona mara ya kwanza nyumbani kwa daktari mmoja huko Masisi, akiwa amepeleka mtoto hospitali, na kwamba alisahau dawa juu ya meza. Yeye mwenyewe ukimuuliza alijibu, "Muntu haulizwe siku gani alianza kupenda chumvi." Alikuwa amefundisha kwaya ya kanisa miaka mingi, na sauti yake ilikuwa ya chini, nzito, ya mtu asiyeharakisha neno. Alipostaafu ualimu alirudi kwenye maharagwe na mihogo yake kama sisi wote. Asubuhi alilima, mchana alisikiliza redio, na Jumapili baada ya ibada alikuwa rais.

Shindano lenyewe hatukuliona siku yake. Mtu aliyekuwa na chumba cha sinema pale sokoni, ambaye tulimwita Papa Sinema, mwenye paneli mbili za sola na kitambi cha kuzilinda, alikuwa akituma flashi hadi Goma. Ilirudi na shindano zima baada ya wiki mbili. Kwa hiyo dunia yote ilijua mshindi na sisi bado. Wiki hizo mbili Papa Prezida hakuwa na amani. Alikwenda kusimama pale pikipiki zinapoegeshwa, na kila aliyeshuka akitoka Masisi au Goma alipokewa kwa onyo moja.

"Kama unajua nani alishinda, funga kinywa. Huku kwetu bado hawajaimba."

Mwaka mmoja dereva wa pikipiki, kijana mwenye mdomo, alilitaja jina la nchi iliyoshinda kwa makusudi, akaimba na kiitikio cha wimbo wake, akaondoka akicheka. Jumapili Papa Prezida alimwita mbele ya klabu. Tulidhani atamfokea. Akamwambia, "Kwa sababu unaujua, utuimbie wote, mwanzo mupaka mwisho." Kijana akaimba akitoka jasho, na alipomaliza mzee akatuomba tumpigie kura. Alipata maharagwe matatu. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiifuata flashi Goma, akiirudisha ndani ya soksi, na hakuna aliyeweza kumtoa jina la mshindi.

Ndiyo, maharagwe. Hiyo ndiyo ilikuwa kura yetu. Vibuyu vilipangwa juu ya benchi, kila kibuyu na karatasi yenye jina la nchi, na kila mwanachama alipewa punje kumi azigawe apendavyo. Papa Sinema alisimamisha picha kabla ya sehemu ya matokeo, tukapita kwa mstari, mkono ukiingia kibuyuni umefumbwa ili jirani asione. Tulikuwa akina mama wa kwaya, madereva, muuguzi wa kituo cha afya, wakulima wa milima miwili mitatu, na mimi. Mama mmoja aliuliza siku ya kwanza kama maharagwe yatapikwa baada ya kuhesabiwa. Yalipikwa, na nadhani klabu ilidumu kwa sababu hiyo kuliko nyimbo.

Alikuwa hakimu mkali. Mwimbaji aliyerukaruka na miali ya moto nyuma yake alimkera. "Anawasha moto sababu sauti haitoshi," alisema. Tulipomuuliza anawezaje kuhukumu nyimbo za lugha asiyoijua, alijibu, "Luga yao sisikii. Lakini muntu akiimba uongo, hata mbuzi inasikia." Mimi nilikuwa nikiyaandika maneno yake kwenye daftari la klabu, pembeni nikichora mbuzi.

Na bado mtu huyu mkali alikuwa mwizi wa kura. Kila mwaka kibuyu kimoja kilibaki kitupu, na kila mwaka, kabla ya hesabu, Papa Prezida alijifanya kukohoa, akageuka, akainama juu ya benchi, na kibuyu kile kikawa na punje moja. Wote tulijua. Hakuweza kuvumilia mtu asimame mbele ya dunia kisha arudi kwao na sifuri. Mtu huyohuyo alinipa mimi sifuri ya imla darasa la tano, kwa wino mwekundu, na mama yangu alipokwenda kumlilia alimwambia, "Mama, mi sikumupa. Alijipa yeye mwenyewe." Siku moja nilimkumbusha habari ile. Akasema kwamba imla mtu anaweza kurudia wiki ijayo.

Kanuni moja ya shindano aliipenda kuliko nyimbo zote: nchi haiwezi kujipigia kura yenyewe. Aliirudia mpaka tukaichoka. Kwetu, ambako mtu hujulikana mlima wake na kabila lake kabla ya jina lake, kanuni hiyo ilikuwa kichekesho. Lakini yeye aliishika. Tulipochagua viongozi wa klabu, hakuna aliyeruhusiwa kumchagua mtu wa mlima wake. Ndivyo mimi nilivyopata usekreteri, kwa kura za watu ambao baba yangu hakuwa akisalimiana nao vizuri. Mjomba wake alipogombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, wazee wakamwita Papa Prezida atoe neno lake, alisimama akasema, "Mimi niko wa kwao. Siwezi piga kura," akakaa. Mjomba alishindwa, na kwa miaka mitatu hakumwitikia salamu. Mzee aliendelea kumsalimia kila asubuhi, kwa sauti ya juu, akapita zake.

Wengine walimcheka usoni. "Prezida ya Wazungu," waliita akipita sokoni, na yeye aliwainulia kofia. Mchungaji alimuuliza kwa upole kama haoni ni upuuzi, watu wanakimbia vita na yeye anahesabu maharagwe ya waimbaji wa mbali. Nilikuwepo. Jibu la mzee ndilo jambo la pekee aliloniomba niandike kwa herufi kubwa. "Pasta, kila mara redio inaita jina yetu, najua bantu wamekufa. Mara moja tu, mbele sijakufa, ninataka nisikie wanaita Nyabiondo juu ya wimbo."

Hicho ndicho alichokitaka. Hakutaka visa, wala zawadi, wala kwenda Ulaya, ingawa watu walidhani hivyo.

Na siku ikaja karibu. Mama mmoja wa muungano, aliyekuwa akijibu barua zetu kutoka nchi ya baridi kwa Kifaransa cha upole, aliandika kwamba mwaka huo kila klabu itume video ya sekunde ishirini. Mtu mmoja asimame kwao, asalimie, ataje mahali alipo, aseme klabu yake imeupa wimbo gani pointi za juu. Video zote zingeunganishwa ziwe moja, ionyeshwe kwenye mkutano wao mkuu, kisha iwekwe kwenye mtandao dunia yote iione.

Papa Prezida hakulala vizuri tena. Alijifunza sentensi yake akipalilia. Mkewe aliniambia kwamba alikuwa akiisema hata kwa kuku. Siku ya kurekodi alivaa koti la kahawia lililotengenezwa kwa mtu mwenye mabega mapana kuliko yake, mikono ikamfunika vidole, akakataa kabisa kusimama mbele ya ukuta wa kanisa. Alitaka mlima. Tukapanda hadi shambani kwake, maharagwe yakiwa yametoa maua, klabu yote nyuma yangu imenyamaza. Akashika kibuyu kifuani, akatazama simu yangu bila kupepesa, akasema, "Bonsoir le monde. Ici Nyabiondo," yaani jioni njema dunia, hapa ni Nyabiondo. Kisha akaendelea kwa Kiswahili chetu, akautaja wimbo, akasema umetoka kibuyuni bila ugomvi. Mbuzi alilia mahali fulani. Meno ya mbele hayakuwepo, na aliposema le monde alitabasamu yote yakaonekana, yaani kutokuwepo kwake. Akina mama walipiga vigelegele. Nilirekodi mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa sekunde ishirini kamili.

Mtandao wa Nyabiondo haukuweza kubeba video. Nikapewa kazi ya kuipeleka Goma. Nilikuwa nimesoma Goma miaka miwili, na nilipenda watu walikumbuke jambo hilo.

Huko nilifikia kwa rafiki niliyesoma naye chuo. Alikuwa na wenzake wengine wawili, wasichana wa mjini, kucha zimepakwa rangi. Nikawaonyesha video. Nilitarajia nini, sijui. Mmoja aliirudisha nyuma ili aone meno tena. Rafiki yangu akaniuliza, "Huyu papa njo anawasemea? Mbele ya bantu ya dunia yote?" Wakacheka, nami nikacheka kuliko wao. Nakumbuka jinsi nilivyocheka, kwa kichwa nyuma, ili waone kwamba mimi na yule mzee si wa kapu moja.

Kisha rafiki yangu akasema, si wewe mwenyewe useme? Akanivika nywele zake za bandia. Nikapakwa midomo. Nikasimama barazani, ziwa nyuma yangu, nikatabasamu nikasema, "Bonsoir le monde. Ici Goma." Nikautaja wimbo ule uliotoka kibuyuni. Nilisema Goma kwa sababu nilijiambia hakuna atakayejua Nyabiondo ni wapi. Huo ulikuwa udhuru. Ukweli ni kwamba sikutaka kuonekana natoka huko. Nikatuma video yangu, na ile ya mlimani nikaifuta simu ipate nafasi.

Nilirudi nikamwambia imefika. Alinishukuru kwa mikono yote miwili.

Video ya vilabu ilipotoka niliitazama peke yangu. Nilikuwemo, baada ya wanaume wawili waliokuwa kwenye theluji, nimependeza, na chini wameandika Goma. Sikumwonyesha mtu. Papa Prezida alianza kuuliza kila Jumapili. Nikasema bado hawajamaliza. Nikasema mtandao. Mwisho, kwa kuwa uongo mmoja huzaa mwenzake, nilimwambia muungano umezikata video zote za nchi zisizoimba, muda haukutosha.

Nilidhani atawakasirikia Wazungu, yaishe. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya klabu na lile koti lake. Alisema, "Munisamehe. Nilisema vibaya. Nilikuwa nachekacheka kama mutoto. Njo sababu wametukata, na jina yenu haikusikika." Mama wa kwaya akaanza kumpinga, mzee akamwinulia mkono anyamaze. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa, daftari mapajani, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema. Niliandika: Prezida ameomba radhi.

Baada ya hapo aliendelea kuhesabu maharagwe, lakini hakuimba tena na akina mama wakati wa kupika, na alipozungumza aliweka kiganja mdomoni. Mtu aliyefundisha watoto wetu wote kusoma kwa sauti, akafunika mdomo. Mimi ndiye niliyemfanyia hivyo, na niliendelea kumpa mkono kila Jumapili.

Kisha vita ikarudi, na Nyabiondo ikatajwa redioni jinsi ilivyozoea kutajwa. Watu walitawanyika. Waliokuwa na ndugu Kitshanga walikwenda kambini huko, wengine wakashika njia za miguu kuelekea Walikale. Mimi nilipata kazi kwenye shirika moja linaloandikisha waliokimbia, kwa sababu nilijua kutumia kompyuta kibao na nilisema Kifaransa cha Goma. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika hadi Kibua.

Kibua ni kijiji cha wakulima, na waliokimbia walikuwa wamepokewa ndani ya familia, wawili hapa, watano pale. Nilikuwa nimeandikisha nyumba kama ishirini nilipomkuta Papa Prezida ndani ya uzio wa mama mmoja, ameketi juu ya gogo, anamenya mihogo ya mwenye nyumba. Mkewe alikuwa shambani. Alikuwa amekonda sana. Alinitambua kabla sijamtambua, akasimama, akafuta mikono, akanipa wa kulia.

"Sekreteri," alisema. "Uliokoka. Mungu asifiwe."

Nilikuwa nimejiapiza njiani mara nyingi kwamba nikimkuta nitamwambia yote. Badala yake nikafungua kompyuta kibao na kuanza maswali, maana maswali yalikuwa yameandikwa tayari. Watu wangapi, wagonjwa wangapi, mnalala wapi. Nikafika pale pa kijiji cha asili, nikaanza kuandika bila kuuliza. Akaweka kidole juu ya meza ndogo ya mbao iliyokuwa kati yetu.

"Uniulize kama unauliza wengine."

Nikamuuliza anatoka wapi. "Nyabiondo," akasema, polepole, kama alivyokuwa akitaja neno la imla darasani. Nikaliandika mbele yake, akalitazama hadi nilipomaliza.

Ndipo akasema, bila kupandisha sauti, "Papa Sinema tulikimbia naye. Alikuwa na ile video ya klabu zote ndani ya simu yake. Tulikuwa tunapumzika njiani, akanionyesha juu ya kunipa moyo. Hakujua wewe uko ndani."

Sikuweza kuinua uso. Nikamwambia nisamehe Papa, nikamwambia kila kitu, wasichana, nywele, kicheko, nikamwambia kwamba video yake niliifuta, kwamba alikuwa amesema vizuri, vizuri kabisa, na kwamba hakuna aliyemkata isipokuwa mimi. Nililia mbele ya majirani waliokuja kungoja zamu yao ya kuandikishwa. Alinisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza wimbo hadi mwisho, kiganja mdomoni.

"Ulisema kwa sauti muzuri," alijibu. "Haukuogopa. Ile njo nilikufundisha."

Akarudi kumenya mihogo. Sikujua kama ndio msamaha, na sikuthubutu kuuliza. Mama mwenye nyumba alitoka jikoni wakati huo, akatuona, mimi na machozi, yeye na kisu, akashangaa.

"Papa, huyu dada iko wa kwenu? Ni mutoto wako wa Nyabiondo?"

Alinitazama. Hapakuwa na hasira usoni mwake, nami nilitamani iwepo.

"Hapana, Mama," akasema. "Huyu ni muntu ya Goma."

"Ee, karibu, dada," mama akaniambia kwa heshima. Akaingia ndani kuniletea kiti cha wageni, akakipangusa kwa kitenge chake, nami nikakikalia.